Ushauri: Klabu ya sayansi ya sekondari, mradi wa kusafisha maji kwa mbegu za mlonge. Tuanzie wapi?

MwlKemia_Moro

Habarini wakuu. Nasimamia klabu ya sayansi katika sekondari moja ya kata hapa Morogoro. Vijana wa kidato cha pili na cha tatu wamechagua kusafisha maji ya Mto Ngerengere kwa unga wa mbegu za mlonge, na nia yao ni kuingia mashindano ya Young Scientists Tanzania (YST). Maabara ina mizani ya mihimili mitatu, bika chache na karatasi za pH. Mashine ya kupima tope hatuna.

Naomba msaada: unga kiasi gani kwa lita? Tope tulipimeje? Kuna faida yoyote kuwapeleka kwenye mtambo wa kusafisha maji, au ni kuchoma nauli tu? Na linaloniumiza kichwa zaidi: mlonge umefanywa sana. Majaji hawatasema tumerudia ya wenzetu?

Bomba_la_Sindano

Mwalimu, karibu. Naanza na dozi, maana wengi huharibu hapo.

Tafuteni mbegu zilizokomaa mtini, maganda yake yakiwa makavu na ya kahawia. Za kijani hazifanyi kazi. Menyeni ganda na mabawa, mbaki na kiini cheupe. Kikiwa cha njano iliyokolea au kina doa jeusi, tupeni. Twangeni kwenye kinu, mchekeche kwa chujio la chai.

Pimeni gramu 5 za unga. Menyeni mbegu kama 40, kwa sababu kiini kimoja kina takribani gramu 0.2 na mwingine utabaki kwenye chujio. Msipime gramu 1 au 2 kwa mizani ya mihimili mitatu: inasoma hadi 0.1, kwa hiyo kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa la dozi. Unga huo utieni kwenye maji safi ya mililita 500, mtikise dakika tano, mchuje kwa kitambaa cheupe cha pamba. Sasa kila mililita inabeba miligramu 10 za unga mliopima. Utumieni siku hiyohiyo. Ukilala unachacha na nguvu inapungua.

Pangeni vyombo saba vya lita moja vinavyofanana. Cha kwanza msitie kitu. Vinavyofuata tieni kwa bomba la sindano la duka la dawa mililita 5, 10, 15, 20 na 30, yaani miligramu 50, 100, 150, 200 na 300 kwa lita. Cha saba tieni shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, miligramu 50 kwa lita. Bila shabu hamna cha kulinganisha na njia inayotumika sasa.

Koroga kwa kasi dakika 2, kisha polepole dakika 10, halafu acha yatuame saa nzima bila kuguswa. Mmoja ahesabu kwa sauti, wote wazungushe kwa mwendo mmoja. Marudio yakifika, wabadilishane vyombo, asije mwenye mkono mzito akashika dozi ileile kila siku.

Kinu_na_Mchi

Naongezea sababu, kwa kuwa swali hilo halikosi. Chembe za udongo ndani ya maji zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana maji yanabaki na tope hata ukiyaacha siku nzima. Mlonge una protini zenye chaji chanya zinazoyeyuka majini. Zinashika chembe, chembe zinashikana, yanatokea mabonge yenye uzito wa kuzama. Kukoroga kwa kasi kunasambaza dawa. Kukoroga polepole kunakutanisha chembe bila kuvunja mabonge. Mwanafunzi asiyejua kwa nini kuna kasi mbili ataonekana amekariri.

Chupa_Tupu

Kupima tope: chukueni chupa tatu za maji za lita 1.5, kateni vitako na shingo, ziungeni kwa silikoni ya madirisha ziwe mnara. Chini chora alama nyeusi na nyeupe. Jaza maji, angalia kutoka juu. Kadiri maji yalivyo safi, ndivyo unavyoona alama kwenye kina kirefu zaidi.

Bomba_la_Sindano

Wazo ni sahihi, Chupa_Tupu, ila mnara huo haufai hapa. Chupa ya lita 1.5 ina upana wa karibu sentimita 8; mnara wa sentimita 80 utataka lita 4 za maji, na wao kila dozi wana lita moja.

Mwalimu, nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua mpira wa maji mweupe unaopitisha mwanga, upana wa ndani inchi 1, urefu wa mita moja. Wenye sentimita 80 unameza kama mililita 400. Ufunge kwenye ubao ulionyooka, maana mpira uliopinda unaficha alama mapema. Ziba chini kwa kizibo cha mpira kilichobandikwa duara dogo la plastiki lililogawanywa robo nne, nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Karibu na kizibo toboa tundu dogo, chomeka mrija wa dripu wenye kile kibanio chake. Bandika utepe wa cherehani ubavuni, sifuri iwe usawa wa alama.

Jaza maji, achia kidogokidogo kwa mrija, simamisha pale alama inapoonekana kwa mara ya kwanza. Andika sentimita. Wasome wawili bila kusikiana, na wasijue maji yametoka chombo kipi. Wapimie kivulini, mahali palepale, muda uleule wa mchana. Jua likipiga upande mmoja, namba zinayumba.

Maji ya kupima msiyamimine kutoka kwenye chombo, mtavuruga mashapo. Yavuteni kwa mrija kutoka juu, ncha yake ikae kama sentimita 5 chini ya uso wa maji, na mwishushe kadiri maji yanavyopungua.

Safari_na_Daftari

Kuhusu safari: ina faida kubwa sana, kwa sharti kwamba mnakwenda kuchukua namba na siyo kupiga picha. Morogoro mna mtambo wa Mafiga unaosafisha maji ya Bwawa la Mindu. Mafundi wa mitambo kama huo hupanga vyombo kwa mstari wapate dozi ya siku, jaribio lilelile vijana wenu wanalofanya.

Siku moja kabla, loweka udongo wa mfinyanzi kwenye ndoo. Asubuhi koroga, acha saa moja ili mchanga uzame, chukua maji ya juu. Yapunguze kwa maji safi mpate chupa sita, kutoka tope zito hadi karibu na maji angavu. Kila chupa pimeni kwa mpira wenu, muandike sentimita. Kisha mwombe mtaalamu wa maabara azipitishe chupa zilezile kwenye mashine yake, azisome kwa NTU, yaani kizio cha kupimia tope. Tikiseni kila chupa kabla ya kusoma, shuleni na mtamboni, kwani udongo unazama njiani.

Mkirudi mnachora grafu ya sentimita dhidi ya NTU. Haitakuwa mstari ulionyooka, itapinda, na ndivyo inavyotakiwa. Kuanzia siku hiyo mpira wa dukani umekuwa kipimo chenye ushahidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi NTU 5, na kwa mirija ya namna hii hapo ni karibu sentimita 85. Kwa hiyo msikate mpira wa mita moja kuwa mfupi.

Barua ya mkuu wa shule iende wiki tatu kabla, iseme wazi mnaomba nini: kuona jaribio la dozi na kusomewa sampuli sita. Barua ya "ziara ya mafunzo" tupu itawapa matembezi na hotuba. Ridhaa za wazazi ziwe za maandishi. Gawa kundi mara mbili, kwa sababu maabara nyingi za mitambo ni chumba kidogo. Na watoto wasikaribie kingo za matangi bila mtu wa mtambo.

Kinu_na_Mchi

Sasa la marudio. Mwalimu, wasiwasi wako ni wa kweli. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliandika zamani juu ya wanawake wa Sudani waliosafisha maji ya Nile kwa mbegu za mlonge, na huko Thyolo, Malawi, mbegu hizi zilijaribiwa kwenye mtambo mzima miaka ya 1990. Kwa hiyo "Je, mlonge unasafisha maji?" si swali tena. Jibu lipo.

Tafuteni swali jembamba. Ninalolipenda mimi ni la mashudu. Wakamuaji wa mafuta ya mlonge hubaki na makapi, na protini inayosafisha maji haitoki na mafuta, inabaki humo. Linganisheni unga wa mbegu nzima na unga wa mashudu kwa dozi zilezile, kwenye maji yaleyale. Hakikisheni mashudu yamekamuliwa bila moto mkali, kwa kuwa joto kali linaweza kuharibu protini. Jibu lolote litakalotoka lina maana: yakifanya kazi sawasawa, kijiji kinapata mafuta na dawa ya maji kwa mbegu zilezile, yakishindwa, mmeonyesha kikomo.

Mengine: unga uliohifadhiwa miezi kadhaa dhidi ya uliotwangwa leo, au maji ya masika dhidi ya maji ya kiangazi. Chagueni moja tu.

Kaunti_hadi_Taifa

Salamu kutoka Kenya. Huku kwenye Kenya Science and Engineering Fair tunapanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, jimbo, kisha taifa, na kila ngazi mradi unachujwa upya. Kinachoangusha wengi si kifaa, ni daftari. Daftari liwe moja, kurasa zina namba, tarehe ziko, na lina matokeo mabaya pia. Lililonakiliwa upya kwa mwandiko mzuri usiku wa kuamkia mashindano linajulikana mara moja.

Jaribio lirudiwe mara tatu kwa siku tofauti. Wekeni wastani kwenye grafu pamoja na kijistari cha namba ya chini na ya juu. Mwanafunzi yeyote kati yao aweze kuoneshwa nukta moja na kueleza ilipatikana siku gani, kwa maji gani. Wewe mwalimu kaa mbali na meza.

MwlKemia_Moro

Nashukuru sana, ndugu zangu. Tumefanya jaribio la kwanza kwa vyombo vya majaribio tu, bado hatujanunua mpira. Kuna jambo limetushangaza: chombo cha miligramu 200 kina tope kuliko cha 100, na cha 300 ni kibaya zaidi. Vijana wanasema tumekosea kupima. Na kile kisichotiwa kitu nacho kimepungua tope.

Kinu_na_Mchi

Hawajakosea, mwalimu, na waambie wasifute! Dawa ikizidi, chembe za udongo zinafunikwa na chaji chanya pande zote, zinaanza kusukumana upya. Pia ungaunga uliopita kwenye kitambaa unaongeza ukungu. Dozi bora ni shimo la grafu ya tope, yaani pale tope linapokuwa dogo kuliko kwingine kote. Rudieni mkiongeza 75 na 125 ili mjue shimo liko wapi hasa.

Kile kisichotiwa kitu kimepungua kwa sababu mchanga na chembe nzito huzama zenyewe. Ndiyo kazi yake: sifa ya mlonge ni tofauti kati yake na hicho. Maji yote ya siku yatoke ndoo moja ya lita 20, mkoroge ndoo kila mnapochota, la sivyo cha mwisho kinapata tope zito kuliko cha kwanza.

Jambo jingine: mlonge unahitaji tope ili ufanye kazi vizuri. Kiangazi, maji yakiwa karibu angavu, chembe ni chache mno kukutana. Msije mkadhani mbegu zimeharibika.

Dawa_ya_Maji

Naomba wote tuliangalie hili kwa uzito. Kwenye bango lenu msiandike "maji salama". Mlonge unaondoa tope na sehemu ya vijidudu, haumalizi. Tena unaacha mabaki ya mbegu majini, nayo ni chakula cha bakteria, hivyo maji yakikaa zaidi ya siku moja yanaanza kunuka. Andikeni "maji yaliyopunguzwa tope, yanayohitaji kuchemshwa au kutiwa dawa". Kutoa tope kwanza kuna faida hata hivyo: njia ya kuanika maji juani kwenye chupa za plastiki angavu kwa saa 6 inataka maji yaliyo chini ya NTU 30.

Wanafunzi wasiyaonje hata kidogo. Mkitaka kujua vijidudu, msivioteshe shuleni. Ombeni chupa zilizotakaswa kutoka maabara ya mamlaka ya maji, mchukue sampuli asubuhi, mziweke kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 6. Sampuli mbili zinatosha: maji ya mto na maji ya dozi bora.

MwlKemia_Moro

Tumeamua mashudu. Swali la mwisho: dozi ya mashudu tupime kwa uzito uleule wa mbegu nzima, au tuongeze kwa kuwa mafuta yametoka?

Bomba_la_Sindano

Uzito uleule, gramu 5 kwa mililita 500. Mkibadili uzito na aina ya unga kwa pamoja hamtajua kipi kimeleta tofauti. Kwa kuwa mashudu hayana mafuta mengi, gramu 5 zake zina protini nyingi zaidi, kwa hiyo shimo la grafu linaweza kusogea kushoto. Wekeni dozi ya 25 pia, yaani mililita 2.5, msije mkalikosa.