Paspoti ya kijana anayekaribia miaka 18

Mama Kijana (Leicester, kwa sasa niko Sinza):
Wapendwa, habari za jioni. Paspoti ya Tanzania ya mwanangu imeisha muda. Nimekwenda ofisi ya uhamiaji, dirishani nikaambiwa nilete namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mtoto. Nikawaeleza ana miaka 17, na NIDA wanaandikisha kuanzia 18. Wakasema basi asubiri afikishe. Sasa akifikisha si ndipo atakiwe kuukana uraia wa Uingereza? Cheti chake ni cha huko alikozaliwa, si cha RITA, wanaosajili vizazi hapa nchini. Nani amelipitia hili? Mwisho wa mwezi wa nane tunaondoka.

Baba Pacha (Reading):
Pole dada. Wangu nilimkatia visa, dola 100, yakaisha.

Shangazi (Minnesota):
Usimpotoshe mwenzio. Dola 100 ni sisi wa paspoti ya Marekani, ya Uingereza ni 50. Na dada kauliza uraia, hakuuliza visa.

Baba Pacha:
Nilikata ya kuingia mara nyingi shangazi, hiyo ni 100 hata kwetu. Uwe unauliza kwanza.

Mzee wa Kimara (Houston):
Tatizo ni Sheria ya Uraia ya 1995, inayomkataza mtu mzima uraia pacha. Kenya wameruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na hawajapungukiwa kitu. Sisi wa diaspora tunapewa maneno ya hadhi maalumu badala ya uraia. Mjukuu aingie kwa bibi yake kama mtalii? Inauma.

Mama Kijana:
Inauma kweli mzee. Huyu mtoto amekulia na hapa pia. Mwaka 2019 alilia usiku kucha kwa mbu, wageni wakija anajificha nyuma yangu. 2022 hakukamatika, yuko pekupeku kwenye chandimu mpaka adhana ya magharibi. Mwaka juzi alipanda mwendokasi peke yake Shekilango hadi Kivukoni, akavuka na pantoni kwenda kwa mjomba wake Kigamboni, mimi huku roho juu. Safari hii sauti nzito, ndevu zinachomoza, shikamoo inamtoka bila kusukumwa. Bibi yake anamwita "mume wangu", na asubuhi ni yeye anayemhesabia vidonge vya presha, anamshikia kikombe mpaka ameze. Leo kaniuliza, "Mama, mwakani nitakuja kama nani?" Jamani, kuna njia bila NIDA au nisubiri?

Shangazi:
Mungu amkuze. Umenikumbusha mama yangu, Magomeni. Dada, begi likiwa na nafasi nibebee dagaa wa Mwanza, nikija London mwezi wa kumi nitawapitia.