Mjadala: Mji wa mkoa ujenge kiwanja kipya cha helikopta? Nasema ndiyo, ila kiwe mlangoni pa hospitali

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii: mji wa mkoa, wenye hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka mbali, utenge ardhi na fedha za umma kujenga kiwanja kipya cha helikopta. Wanaounga mkono wanataja wagonjwa, wawekezaji na watalii. Wanaopinga wanataja kelele, hatari, na fedha ambazo zingenunua magari ya wagonjwa. Mimi naunga mkono, tena kwa dhati, lakini nina sharti moja nisilokubali lilegezwe: kiwanja kiwe hapo hapo hospitalini, machela isukumwe kutoka kwenye helikopta hadi mapokezi ya dharura bila kupakiwa kwenye gari. Kikipelekwa nje ya mji kwa sababu ardhi ya huko ni rahisi, nitasimama na wanaopinga.

Fikirieni mtu anayevuja damu tumboni baada ya ajali. Helikopta imemtoa mbali kwa dakika ishirini, safari ambayo kwa barabara ingechukua saa mbili. Inatua pembezoni mwa mji. Sasa anasubiriwa dereva wa ambulensi, mgonjwa anahamishwa, mashine ya oksijeni inabadilishwa, dripu inafungwa upya, kisha gari linaingia kwenye foleni. Kila anapohamishwa kuna mrija unaoweza kuchomoka na shingo iliyovunjika inayoweza kutikiswa. Dakika zilizookolewa angani zinateketea barabarani. Waliotangulia katika kazi hii waliliona hilo mapema. Helikopta ya uokoaji ya Munich, Ujerumani, iitwayo Christoph 1, ilipoanza kazi Novemba 1970 ilipangiwa kituo chake katika hospitali ya Harlaching, si kwenye uwanja wa ndege.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la usalama wa watu walio chini. Machi 2022, katika hospitali ya Derriford mjini Plymouth, Uingereza, helikopta kubwa ya walinzi wa pwani aina ya Sikorsky S-92 ilikuwa ikitua na mgonjwa. Upepo wa mapanga yake uliwaangusha watu waliokuwa kwenye maegesho ya magari jirani na kiwanja. Mama mmoja mzee alifariki na mwingine akaumia vibaya. Jambo hilo linauma, na anayetaka kiwanja hospitalini hana haki ya kulipita kimya.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri. Helikopta ikining'inia angani husukuma hewa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wake. Ile S-92 inaweza kufika tani 12 hivi. Hewa hiyo ikigonga ardhi husambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na mtu aliye mbali kidogo, ambaye hata hajaiona helikopta, hukumbwa ghafla. Kwa hiyo kiwanja kipimwe kwa helikopta nzito kuliko zote zitakazowahi kutua hapo, siyo ile ndogo ya kila siku. Maegesho, njia za miguu na vibanda viondolewe kabla ya siku ya kwanza, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kufunga njia kila inapotua. Gharama hizo ziandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mradi ambao haujaziweka mimi nauona kama haujapigiwa hesabu.

Wengine wanasema basi tuweke juu ya paa. Wapinzani wanajibu kwa kutaja jengo la Pan Am, New York, ambako tarehe 16 Mei 1977 mguu wa helikopta ya abiria ulivunjika ikiwa imesimama juu ya paa. Mapanga yalikuwa bado yanazunguka. Watu wanne walikufa pale juu, na wa tano aliuawa barabarani na kipande kilichoanguka. Kiwanja kile hakikufunguliwa tena. Lakini ile ilikuwa biashara ya kupakia na kushusha abiria foleni kwa foleni huku mapanga yakizunguka. Paa la hospitali lenye lifti inayoshuka moja kwa moja hadi chumba cha dharura, wavu pembeni, mitambo ya povu la kuzimia moto, na watumishi wachache waliofunzwa ni kitu kingine. Pale ambapo hospitali imezungukwa na nyumba kila upande, nachagua paa kuliko shamba lililo nje ya mji.

Kuhusu ardhi, naona wengi wanabishania kipande kisicho sahihi. Helikopta ya hospitali aina ya H145 ina urefu wa mita 13.6 hivi mapanga yakizunguka. Kanuni ya Marekani inataka eneo la kukaribia na kupaa liwe angalau mara moja na nusu ya urefu huo, yaani kama mita 20. Si eneo kubwa. Kinachotafuna mji ni anga. Kanuni hiyo hiyo inataka njia ya kushukia iwe wazi kwa mteremko wa mita 1 juu kwa kila mita 8 mbele, hadi zaidi ya kilomita 1. Maana yake jengo la mita 40 lililo kwenye njia hiyo linapaswa kuwa angalau mita 320 kutoka ukingoni mwa kiwanja. Mamlaka ya mji ikitoa kibali cha ghorofa moja tu mahali pabaya, kiwanja kimekufa hata kama zege lake bado jipya. Ndiyo maana nataka ramani ya njia za anga iwe sheria ya mipango miji kabla zabuni haijatangazwa.

Na eneo likishapotea, kulirudisha ni kazi ya miaka. Penzance, mji mdogo kusini-magharibi mwa Uingereza, ulikuwa na helikopta za kwenda visiwa vya Scilly tangu 1964. Mwaka 2012 huduma ikafungwa, ardhi ikauzwa, likajengwa duka kubwa. Kiwanja kipya kilianza kazi 2020, baada ya mvutano mrefu wa vibali uliofika hadi mahakamani.

Kelele nazo zina dawa, ila iandikwe kwenye mkataba. New York mwaka 2016 ilikubaliana na kampuni za helikopta za watalii kupunguza safari kwa nusu na kuziondoa kabisa siku ya Jumapili. Kwa hiyo ukomo wa safari za biashara unawezekana, huku za wagonjwa zikiachwa huru usiku na mchana. Jirani anayeamshwa saa nane za usiku kwa ajili ya mtoto mchanga anayepelekwa hospitali kubwa zaidi nitamwomba avumilie. Anayeamshwa na mtalii nitaandamana naye.

Hoja kwamba kiwanja kitatumiwa na teksi za umeme za angani naomba iondolewe kabisa kwenye hesabu. Volocopter, kampuni ya Ujerumani ya teksi hizo, iliyotarajiwa kubeba abiria kwenye Olimpiki ya Paris 2024, haikubeba, na Desemba mwaka huo iliomba ulinzi wa mufilisi. Lilium, kampuni nyingine ya aina hiyo, ilikuwa imetangulia kufilisika miezi michache tu kabla.

Linabaki lile la "nunueni ambulensi kwanza". Hapa nakubaliana na wapinzani kuliko wanavyodhani. Kama hospitali haina daktari wa upasuaji usiku, wala damu kwenye benki, mgonjwa atafika haraka na kufia mapokezi. Hapo fedha ziende kwa madaktari, damu na magari. Lakini pale ambapo chumba cha upasuaji kinafanya kazi saa 24, kumnyima mgonjwa wa mbali njia ya kukifikia ni kuamua kwamba uhai wake una thamani kulingana na mahali alipozaliwa, na mimi siwezi kuliunga mkono hilo.

Sasa wanaotaka kiwanja nje ya mji waweke hapa hesabu ya dakika, kuanzia helikopta inapogusa ardhi hadi mgonjwa anapolazwa kwenye kitanda cha upasuaji, saa ya foleni na saa ya mvua. Na wanaopinga kabisa waseme: safari za biashara zikiwekewa ukomo kisheria na eneo la chini likafungwa kama nilivyoeleza, ni pingamizi gani linabaki?