Naomba ushauri: rada au sumaku kwenye makaburi ya nguzo, Turkana?

Wadau, naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu makaburi ya nguzo za mawe yaliyojengwa na wafugaji kando ya Ziwa Turkana miaka kama 5,000 iliyopita. Sitaki kuchimba. Msimamizi wangu anapendelea kipima sumaku (kifaa kinachosoma tofauti za usumaku ardhini) kwa sababu kinapita eneo kubwa haraka. Wasiwasi wangu: nguzo nyingine ni za basalti, na jiwe la volkano lina usumaku wake, si litafunika alama za mashimo ya makaburi yaliyo chini ya ardhi? Kupima ukinzani wa umeme wa udongo nako kunataka udongo wenye unyevu, na kule mnakujua kulivyo kukavu! Naelekea kwenye rada ya kupenya ardhi, ambayo ilishatumika Lothagam North, mojawapo ya makaburi hayo. Lakini nje ya makaburi yenyewe, mistari ya kupitisha rada iachane kiasi gani? Aliyepima kwenye basalti anisaidie.