Tupeane uzoefu: malipo ya mshonaji huamuliwa wapi?

Ndugu zangu, wenye uzoefu wa viwanda vya nguo zinazouzwa nje naomba tuelezane jinsi malipo yanavyopangwa, kwani mjadala huu mara nyingi huishia kwenye kumlaumu mwenye kiwanda peke yake. Mimi nilianzia kwenye laini ya ushonaji, kisha nikahamishiwa ofisi ya mipango ya uzalishaji, na huko ndiko nilikoona kwamba mshahara wa mshonaji huwa umekwisha kuamuliwa kabla kitambaa hakijakatwa, siku mnunuzi, yaani kampuni ya ng'ambo inayoagiza nguo, na kiwanda wanapokubaliana bei ya nguo moja. Shati hugawanywa katika hatua: kushona kola, kuunga mabega, kutia mikono, kutoboa matundu ya vifungo. Kila hatua hupimwa kwa dakika, na jumla ya dakika hizo ndiyo msingi wa gharama ya kazi. Bei ya kitambaa, uzi na vifungo haishuki kirahisi, na mara nyingi mnunuzi mwenyewe ndiye aliyechagua kitambaa kitoke wapi, kwa hiyo anapotaka punguzo, kinachobanwa ni zile dakika. Kule kwenye laini matokeo yake huonekana ubaoni, lengo la saa linapofutwa na kuandikwa jingine kubwa zaidi, na mama anayeshona kola huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asilazimike kwenda msalani huku kazi ikirundikana kwenye mashine yake.

Mchango wa aliyekuwa mkaguzi wa viwanda

Nakubaliana na mleta mada, na ninaongeza kwamba sisi wakaguzi tuliajiriwa kutazama mahali ambapo uamuzi haufanyiki. Ziara zetu nyingi zilitangazwa mapema, tukakuta kadi za mahudhurio safi kupita kiasi na wafanyakazi waliokwisha kufundishwa majibu. Katika kiwanda kimoja kadi zilionyesha kwamba Jumapili hakuna kazi, lakini daftari la sindano zilizovunjika, ambalo hakuna aliyekumbuka kulificha, lilikuwa na maandishi ya Jumapili mfululizo. Niliyaandika hayo katika ripoti; mnunuzi akakitaka kiwanda kijirekebishe, ila bei na tarehe ya kusafirisha mzigo havikuguswa. Tukumbuke pia kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kilichopewa cheti cha kimataifa cha kuwatendea haki wafanyakazi wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 2012 ulioua watu zaidi ya 250.

Mchango wa aliyekuwa karani wa oda

Kwa upande wangu, mwaka 2020 ndio ulioonyesha nani hubeba hasara. Kiwanda hununua kitambaa na kulipa mishahara kwanza, kisha hulipwa baada ya mzigo kusafirishwa, kwa hiyo korona ilipofunga maduka, wanunuzi walifuta hata oda zilizokwisha kushonwa. Makatoni yalijaa hadi kwenye korido, nguo zikiwa tayari na vibandiko vya bei za maduka ya ng'ambo, huku walioshona nguo hizo wakirudishwa nyumbani bila malipo ya mwezi.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Mfano ninaouamini ni mkataba wa usalama wa moto na majengo wa Bangladesh wa mwaka 2013, uliotiwa saini baada ya jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, kuporomoka tarehe 24 Aprili na kuua watu 1,134. Nguvu yake ilikuwa kwamba kampuni zinazonunua nguo zilisaini pamoja na vyama vya wafanyakazi, ziliweza kudaiwa kisheria zikiukiuka, na zilitakiwa kukubaliana na kiwanda masharti ya biashara yanayokiwezesha kumudu gharama za usalama. Viwango vya mishahara havikuingizwa humo. Mwaka 2023 kima cha chini cha washonaji nchini humo kilipandishwa kutoka Taka (sarafu ya Bangladesh) 8,000 hadi Taka 12,500 kwa mwezi, ilhali vyama vingi vilidai 23,000, na katika maandamano ya kudai nyongeza hiyo kuna wafanyakazi waliouawa. Mimi naona gharama ya kazi iandikwe peke yake ndani ya mkataba wa ununuzi na isiguswe wakati wa kujadili bei. Kama yupo aliyefanya kazi chini ya mkataba wa namna hiyo, tafadhali atueleze: je, fedha hizo zilionekana kwenye hati ya mshahara ya mshonaji, au ziliishia njiani?