Jiwe la figo linaanzia wapi? Nyumbani tunabishana kaka aache kula nini

MkulimaNewala:
Wakuu habari, na shikamooni kwa wakubwa. Kaka yangu katokwa na jiwe la milimita 4, daktari kasema ni la kalsiamu. Mama kamkataza maziwa na dagaa, eti ndiko kalsiamu iliko. Shangazi analaumu maji ya kisima. Naomba mnieleze, jiwe linaanzaje mle ndani ya figo?

BintiMikindani:
Pole kwa kaka, maumivu yale hayasimuliki. Kwanza mrudishieni dagaa wake! Mawe mengi ya kalsiamu ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vyakula. Akila dagaa na mlo, kalsiamu inaikamata oksaleti utumboni, zinatoka na choo. Asipokula, oksaleti nyingi inapenya mpaka kwenye mkojo.

Mengi yanaanzia kwenye ncha za ndani za figo, pale mkojo unapodondokea. Daktari Mmarekani Alexander Randall aliyaeleza mabaka meupe ya hapo mwaka 1937. Ni kalsiamu fosfeti, inaanza kujikusanya kwenye nyama inayozunguka vimirija vyembamba, chini ya utando. Utando ukimomonyoka, baka linakutana na mkojo, na oksaleti ya kalsiamu inaganda juu yake tabaka kwa tabaka, kama chaza kwenye nguzo za gati. Muda wote huo mtu anaweza asisikie chochote, mpaka jiwe ling'oke likazibe mrija wa kwenda kibofuni. Kuna mengine huanzia ndani ya vimirija vyenyewe.

Nachingwea_Juu:
Korosho, karanga na mchicha vina oksaleti nyingi. Simwambii aache korosho, ndiyo maisha yetu, ila apunguze. Mchicha auchemshe, maji amwage. Papa wa chumvi ndiye wa kumwogopa zaidi: chumvi inafanya figo zimwage kalsiamu kwenye mkojo.

MkulimaNewala:
Asanteni sana. Huku maji tunanunua kwa ndoo. Kaka anaokota korosho juani tangu alfajiri, anarudi hajanywa hata kikombe.

BintiMikindani:
Basi hapo ndipo pa kuanzia, kaka. Mkojo mzito ndio unaogandisha. Akojoe kama lita 2.5 kwa siku, kwa hiyo kwenye jua hilo lita 3 za kunywa huenda zisitoshe. Aende na dumu lake shambani. Akamulie na ndimu, ina sitreti inayozuia fuwele kushikana. Maumivu yakirudi pamoja na homa, au mkojo ukikata, msingoje kukuche, mpelekeni hospitali usiku huohuo.