Tupeane uzoefu: fundi akiumia saiti kwako, nani analipa?

Wakuu habari zenu. Mwaka jana nilikuwa naezeka Goba, fundi kaja na vijana wake watatu, tukapatana kwa mdomo tu hela ya ufundi basi. Siku ya tatu saidia fundi kateleza kwenye kenchi, kaanguka, mguu ukavunjika. Fundi mkuu akanambia bosi huyu kaumia kwako, akazima simu mpaka leo. Nikalipa operesheni ya kuweka chuma, bado ndugu zake wakaja kwa mjumbe wanataka hela ya kula ya miezi mitatu, na mimi sikuweza kumuacha maana kijana ana mtoto mchanga, ila bati zangu ziko stoo hadi sasa. Nyie mlifanyaje?

*Mdau, Mwanza*
Pole sana mkuu. Mimi nilichukua mkandarasi aliyesajiliwa CRB, ile bodi ya usajili wa makandarasi, bei ilikuwa juu na nilinung'unika kweli, lakini kijana wake alipokatwa vidole na grainda WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ndo waliobeba matibabu. Ule mfuko anachangia mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata mia, kwahiyo mwambie akuoneshe cheti cha WCF kabla hajashusha mchanga.

*Mdau, Ruiru*
Huku Kenya ni WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, kontrakta anafaa kuwa na kava ya bima ya watu wake. Mimi picha ya simu sikubali, napigia kampuni ya bima mwenyewe niulize kama kava bado iko hai. Jirani yangu alioneshwa karatasi iliyoisha miezi minne nyuma na mjengo ulikuwa ushafika lenta.

*Mdau, Kibaha*
Kwangu hakuumia mtu, ni ukuta wa jirani. Tulichimba msingi karibu mno, mvua ikapiga usiku, asubuhi ukuta umelala. Nikakimbilia bima yangu ya nyumba wakanambia hii haigusi kazi za ujenzi, ulitakiwa ukate ile ya ujenzi yenye kipengele cha mali za watu wengine. Nimejenga ukuta wa mtu kwa hela ya madirisha yangu, inauma.

*Mwanzisha mada*
Asanteni jamani. Fundi mpya nimemwambia tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, nani anatibu mtu akiumia, na mikanda ya kupandia juu nanunua mwenyewe. Mwenye mfano wa mkataba wa hivyo aniwekee hapa, tunaanza Jumatatu.