Mwanafunzi kaniuliza kama naamini mageuko, nikatazama saa. Naomba ushauri

Maalim_wa_Kaskazini:
Assalamu alaykum wanajamvi. Nasomesha baiolojia kidato cha nne huku Pemba. Wiki iliyopita tulifika kwenye mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, nikawaeleza lile fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, la miaka milioni 1.75 hivi, likaitwa Zinjanthropus. Mtoto mmoja wa kike, hukaa nyuma na hanyanyui mkono hata kwa dawa, akasimama: "Maalim, Zinj si ndio sisi? Mbona nyani kapewa jina letu?" Darasa zima likaangua kicheko. Na kweli, ni lile jina la kale ambalo Waarabu waliipa pwani hii. Sijajibu, akaongeza: "Na wewe mwenyewe unaamini?"

Nikatazama saa. Nikasema kengele inakaribia. Ilikuwa bado dakika kumi na tano.

Habari ilifika barzani kabla yangu. Baada ya Isha ami yangu kanisogezea kahawa bila kashata, hapo nikajua kuna jambo. "Mwanangu, unawafundisha watoto wa watu kwamba babu yao kima? Na si mnasema wenyewe hiyo ni nadharia tu?" Ami ndiye aliyenilipia skuli. Nimwambie nini? Na yule mtoto?

Karafuu_Mbichi:
Mwambie mzee dunia ishahama, abaki na bao lake.

Mke_wa_Nahodha:
Karafuu, wewe huna ami? Maalim, usimsikilize huyu.

Sindano_Pole:
Mimi muuguzi. Hilo neno "nadharia" ndilo linalotuponza. Mtaani nadharia ni dhana ya mtu aliyeshiba. Kwenye sayansi ni maelezo yaliyokwishapita mitihani mingi. Hata kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta maradhi ni nadharia, na hakuna anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo. Halafu muulize ami kama anaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria. Tuliinywa utoto wetu wote, ikawasha mwili, homa ikakatika. Vimelea vichache vilivyohimili dawa vikabaki, vikazaana, mwisho ikawa tunakunywa uchungu wa bure. Zanzibar ikahamia dawa za mseto 2003. Hayo ni mageuko, tumeyaona kwa macho yetu.

Abu_Yaqini:
Kimelea kimebaki kimelea, dada. Hakijawa mbuzi. Mabadiliko madogo hatuyakatai. Mimi nasema somo la uumbaji lifundishwe sambamba, kama sayansi, watoto wachague wenyewe.

Jembe_na_Brashi:
Nimewahi kubeba ndoo kwenye uchimbaji wa mambo ya kale, nieleze kidogo. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, haufiki mita 100. Huu wenu wa Pemba unapita mita 500. Miaka 20,000 hivi iliyopita, zama za barafu, bahari ilikuwa chini kwa kama mita 120. Piga hesabu mwenyewe: Unguja ilikuwa bara, mtu na mnyama wanapita kwa miguu. Pemba ilikuwa kisiwa vilevile.

Sasa kama hesabu hiyo ni kweli, basi chini ya ardhi ya Unguja lazima wawemo wanyama wa mbugani, ambao leo hakuna Mzanzibari aliyewahi kuwaona porini kwake. Watu wakachimba pango la Kuumbi, upande wa Jambiani. Wakakuta mifupa ya pundamilia na nyati. Ukiwa mle ndani, kajoto, popo juu, vumbi la chokaa hadi kwenye kope, mtu anapangusa jino kwa brashi kama ya kupakia rangi, ndio utajua kwamba jambo hili si porojo za vitabuni.

Na Pemba, kwa kukaa peke yake muda wote huo, ina ninga wake, chozi wake, bundi wake, kinengenenge wake na yule popo mkubwa wa Kidike. Huwapati pengine popote duniani.

Abu_Yaqini:
Mola kawaweka hapo alivyotaka.

Jembe_na_Brashi:
Sikupingi. Ila niambie, mfupa gani ukichimbuliwa kesho utakufanya useme "nilikosea"?

Abu_Yaqini:
Hakuna. Na wewe?

Jembe_na_Brashi:
Pundamilia wa zama hizo akichimbuliwa Pemba. Nitakuja hapa hapa nifute niliyoandika.

Mwanachuo_wa_Malindi:
Nimesoma dini, na baiolojia kidogo. Abu Yaqini kajibu kwa ukweli na asibezwe: jambo ambalo hakuna mfupa unaoweza kulitikisa ni itikadi, mahali pake ni darasa la dini, na si aibu kuwa huko. Maalim, mtoto alikuuliza maswali mawili. La nyani lina jibu jepesi: huyo Zinj siku hizi wenyewe wanamwita Paranthropus, wamemhamishia tawi la pembeni, si babu wa mtu. Na wala hawasemi tumetokana na kima wa msitu wa Jozani, wanasema sisi na yeye tuna asili moja ya mbali sana. La imani yako, mjibu unachokiamini kwa ufupi, kisha mwambie mtihani hautamuuliza hilo. Usitazame saa tena. Watoto wanaona.

Kuhusu Nabii Adam, Waislamu wanaoijua sayansi hii wenyewe hawajaafikiana. Usijitwishe kulimaliza barzani.

Mke_wa_Nahodha:
Na uende na kashata zako mwenyewe.

Maalim_wa_Kaskazini:
Ahsanteni. Mrejesho: jana nilikwenda na kashata. Ya klorokwini ami kaikubali kwa kichwa tu. Ya kima kasema tuyaache. Nikamchorea mkondo kwa kidole kwenye vumbi la barza, Unguja hapa, Pemba hapa, bara kule. Kainamia kitambo.

"Kwa hiyo Unguja ilikuwa bara?"

Naam.

"Na sisi Wapemba hatujapata kuwa bara hata siku moja?"

Kwa zama hizo za barafu, ndivyo wanavyosema, ami.

Kagonga kikombe kwenye sinia, kawaita wenziwe wote wasogee. "Hiyo sayansi hiyo! Warudilie, wasikie."

Mtoto nitamjibu Jumatatu.